Jumuiya Ndogo ya Kibuddha Westlands: Itanena kwa Lugha Gani?

Utangulizi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema, hata hivyo, mgeni huyo amponye mwenyeji kwa lugha gani. Makala haya yananuia kulijadili swali hilo kwa kumtazama mgeni mmoja ambaye aghalabu hatajwi katika kumbi zetu za Kiswahili, yaani Ubuddha. Na hasa Ubuddha unaojinasibisha na mafundisho ya awali, yale yaliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali katika hazina iitwayo Vikapu Vitatu. Iwapo watu wachache wa Westlands, jijini Nairobi, wataamua kuanzisha jumuiya ndogo iliyojikita katika mafundisho hayo, jumuiya hiyo itanena kwa lugha gani? Jibu langu ni kwamba itanena kwa Kiswahili, au itabaki kuwa klabu ya wenye nafasi. Aidha, ninadai kwamba kazi ya kuiwezesha kunena Kiswahili ni yetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii, tuwe waumini wake au tusiwe.

Niweke wazi mapema kwamba mimi si Mbuddha, wala sikusudii kumwongoa yeyote. Ninaandika kama msomaji wa fasihi anayeamini kwamba lugha hupimwa kwa mambo inayoweza kuyabeba, na kwamba kuna mzigo mmoja mkubwa wa fikra za binadamu ambao Kiswahili bado hakijautia begani.

Westlands Mbili katika Eneobunge Moja

Westlands si mahali pageni kwa dini zilizochimbuka Bara Hindi. Ukizunguka Parklands na Westlands yenyewe utakuta mahekalu ya Wahindu, nyumba za ibada za Masingasinga, na kituo cha Oshwal cha Wajaini. Wajaini hao, ambao babu zao walianza kufika Kenya mwishoni mwa karne ya 19, wanafuata dini iliyozaliwa katika nchi na zama zilezile alizoishi Buddha, na inayosisitiza kutodhuru kiumbe chochote. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wahindu wapatao 60,000 nchini. Wabuddha hawakupewa safu yao. Wamo humohumo katika kapu la dini nyinginezo. Wapo, lakini ni wachache mno kiasi kwamba hata hesabu haikuwatambua kwa jina.

Kisheria, mlango u wazi. Katiba ya 2010 inasema katika Ibara ya 8 kwamba Kenya haina dini ya dola, na katika Ibara ya 32 inamhakikishia kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra na imani. Katiba hiyohiyo, Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwa hiyo, anayetaka kuketi kimya na kuitazama pumzi yake ana haki ya kufanya hivyo, na ana haki ya kufanya hivyo kwa Kiswahili.

Tatizo liko kwingine. Eneobunge la Westlands lina kata tano: Kitisuru, Parklands/Highridge, Karura, Kangemi na Mountain View. Katika eneobunge hilo moja mna majumba ya Kitisuru yenye nyua za miti mirefu, na mna vyumba vya mabati vya Kangemi vilivyobanana. Asubuhi na mapema, wanaoifuata barabara ya Waiyaki kwa miguu kuelekea mjini ni mabawabu, wapishi, mayaya, wafagizi na vibarua. Ndio wanaozifungua ofisi na kuzisafisha kabla wenyewe hawajafika. Mafunzo ya taamuli yanayotangazwa katika mitaa ya kifahari hutolewa kwa Kiingereza na hutozwa ada. Bawabu hulifungua lango, akahesabu magari, akalifunga lango. Hakuna aliyemkataza kuingia, ila hakuna neno hata moja lililosemwa kwa ajili yake.

Hali hiyo inakwenda kinyume na mafundisho ya awali yenyewe. Maandishi ya kanuni za watawa yanasimulia habari za Upali, kinyozi wa ukoo wa Wasakya ambao ndio ukoo wa Buddha. Vijana wa kifalme walipokwenda kuomba utawa pamoja naye, waliomba kinyozi wao apokewe kwanza, ili wao wawe wadogo kwake na wamwinamie, na kwa njia hiyo kiburi chao cha nasaba kivunjike. Kinyozi huyo ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa kanuni za jumuiya nzima. Vivyo hivyo, katika mkusanyo wa tungo za watawa wa kike, ambao ni miongoni mwa fasihi kongwe kabisa ya wanawake duniani, yumo Punna, mjakazi mchota maji. Anamkuta Mbrahmani akitetemeka ndani ya maji baridi ya mto ili kujisafisha dhambi, naye anamuuliza: kama maji ndiyo yanayotakasa, je, samaki, vyura na kasa wote watakwenda mbinguni? Mbrahmani anashindwa hoja na mchota maji. Ni nani, ndugu msomaji, atakayemwelewa Punna upesi zaidi: mkazi wa ghorofa lenye bomba lisilokauka, au mama wa Kangemi anayelipia maji kwa mtungi? Na mama huyo atasomewa kwa lugha gani?

Mifano Miwili ya Jirani

Afrika Mashariki haianzi sifuri katika jambo hili. Dar es Salaam kuna hekalu la Kibuddha linalotajwa mara nyingi kuwa kongwe zaidi barani Afrika. Asili yake ni Wasinhala waliotoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, wakaja kufanya kazi Tanganyika na kuunda chama chao yapata mwaka 1920. Lilikuwa hekalu la wahamiaji kwa ajili ya wahamiaji, jambo lisilo na lawama: kila mwenda ughaibuni hubeba mungu wake na mapishi yake. Lakini jumuiya inayoishi kwa lugha ya wahamiaji hupungua kila wahamiaji wanapopungua, na Wasinhala wengi waliondoka katika miongo iliyofuata uhuru. Hekalu lingali pale, katika jiji ambalo ni ngome ya Kiswahili. Karne moja ya ujirani huo haikuzaa mapokeo ya maandishi ya Kibuddha kwa Kiswahili.

Mfano wa pili ni wa Uganda. Steven Kaboggoza, aliyezaliwa mwaka 1966, alikwenda India mwaka 1990 kwa masomo, na huko akakutana na watawa wa Kibuddha. Mwaka 2002 alipokea utawa nchini Marekani katika mapokeo ya Theravada, akaitwa Bhikkhu Buddharakkhita, na mwaka 2005 akaanzisha Kituo cha Wabuddha cha Uganda karibu na Entebbe. Hapa aliyeanzisha ni mwenyeji, na hata mama yake mzazi alikuja kuvaa vazi la utawa. Mfano huu unatufunza kwamba mbegu yaweza kupandwa na mkono wa Mwafrika na ikaota. Hata hivyo, kitabu alichokitoa mwaka 2006 kuhusu kuibuka kwa Ubuddha Afrika alikiandika kwa Kiingereza. Simlaumu, kwani msomi hutumia zana aliyonayo. Swali ni letu: zana ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kufuliwa na nani ili aitumie?

Kima, Papa na Mkuyu

Huenda mtu akadai kwamba fikra hizi ni ngeni mno kwa Kiswahili kiasi cha kutoweza kuzoeleka. Wapenzi wa fasihi simulizi, tukumbushane. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja, na miongoni mwazo imo hadithi ya punda wa dobi. Ndani yake mna kisa cha kima aliyefanya urafiki na papa. Kima alikuwa juu ya mkuyu akimtupia papa matunda. Papa akamchukua mgongoni akidai kumpeleka kwao, kumbe moyo wa kima ulikuwa unatakiwa uwe dawa. Kima akajiokoa kwa kusema kwamba moyo wake ameuacha mtini. Nani miongoni mwetu hakukisikia kisa hiki utotoni kwa sura moja au nyingine?

Kisa hicho kimo katika Jataka, yaani masimulizi ya maisha ya awali ya Buddha. Humo adui ni mamba badala ya papa, na nyoyo zinazodaiwa kuning'inia mtini zinaonyeshwa kuwa ni matunda ya mti wa jamii ya mkuyu. Kima mwerevu ni Buddha mwenyewe katika maisha yaliyopita. Hadithi hii pia imo katika Panchatantra ya India, na kwa Kiarabu ilienea kupitia Kalila na Dimna, iliyotafsiriwa na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Sitadai kwamba najua ni jahazi gani lililoileta pwani yetu. Ninachodai ni kwamba kima huyo amekuwa akisema Kiswahili fasaha tangu kabla ya babu zetu kuzaliwa, na hakuna aliyemwomba pasipoti. Watu wa pwani walimpokea, wakambadilisha mamba kuwa papa kwa sababu bahari waliijua, wakamfanya wao. Hiyo ndiyo tafsiri katika ukamilifu wake.

Isitoshe, mafundisho ya awali yenyewe yalikuwa fasihi simulizi kwa karne kadhaa. Yalikaririwa na mabingwa wa kughani, kila kundi likihifadhi mkusanyo wake, hadi yalipoandikwa nchini Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Ndiyo maana yamejaa takriri, mafungu ya nne, ya tano na ya nane, na fomula za kufungulia ambamo msimulizi hukiri kwamba jambo hili alilisikia. Mwanafunzi aliyezoea kuchanganua ngano zetu na tenzi zetu angezitambua mbinu hizo papo hapo. Msomaji wa Kiingereza huziona takriri hizo kuwa uchovu na wafasiri wengi huzifyeka. Sisi tunajua kazi yake.

Ndugu Wawili na Bakuli Moja

Kuna kisa kingine katika kanuni za watawa ambacho, kwa maoni yangu, kingestahili kubandikwa katika kila idara ya lugha. Watawa wawili ndugu, Wabrahmani kwa nasaba na wenye usemi mzuri, walimwendea Buddha wakilalamika kwamba watawa wa makabila na koo mbalimbali wanayaharibu maneno yake kwa lahaja zao. Wakaomba ruhusa ya kuyatia katika lugha tukufu ya mashairi ya Veda. Buddha aliwakemea, akaifanya tafsiri hiyo kuwa kosa, na akaruhusu mafundisho yajifunzwe katika lugha ya mtu mwenyewe.

Wataalamu wamebishana juu ya maana ya lugha ya mwenyewe. Buddhaghosa, mfafanuzi mkuu wa karne ya 5, alishikilia kuwa ni lugha ya Buddha, yaani Kimagadha. Wengi wa wasomi wa zama zetu wanaona kuwa ni lugha ya kila mtawa. Nauona mtazamo huu wa pili kuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa malalamiko ya ndugu wale yalihusu lahaja za wasemaji. Kama jibu lingekuwa ni kuifuata lahaja moja tu, wangekuwa wamekubaliwa nusu ya ombi lao.

Lakini yapo mafundisho mengine yanayoweka mizani. Katika hotuba moja ya mkusanyo wa hotuba za urefu wa wastani, Buddha anataja majina saba ambayo watu wa sehemu mbalimbali waliyatumia kuliitia bakuli. Anawausia watawa wasiing'ang'anie lahaja ya kwao kana kwamba ndiyo kweli peke yake, na wakati huohuo wasiyapuuze matumizi yaliyozoeleka. Tulioshuhudia mijadala isiyokwisha ya Kiunguja na Kimvita tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja tunaelewa hekima ya kauli hiyo. Tunalo bakuli, tasa, kombe, bia, hero na chano. Kila chombo na mahali pake, na mwenye njaa hagombani na jina.

Kwa mintarafu hiyo, jumuiya ya Westlands ingefanya vyema kuandika kwa Kiswahili sanifu, lakini kuzungumza kwa Kiswahili cha waliohudhuria. Iwapo aliyekuja ni kijana wa Kangemi ambaye Sheng ndiyo lugha ya nyumbani kwake, na afafanuliwe kwa Sheng. Tutakaokunja nyuso tutakuwa wale ndugu wawili.

Mizani ya Istilahi

Tufike sasa penye kazi hasa. Vijitabu vya utangulizi juu ya Ubuddha vimepata kutolewa kwa Kiswahili, ila mikusanyo mikuu minne ya hotuba za awali haijatafsiriwa kwa ukamilifu. Sababu moja ni ugumu wa istilahi, na hapa ningependa kuonja machache.

Neno la kwanza ni dukkha, nguzo ya mafundisho yote. Wengi hulitafsiri kama mateso. Lakini mateso hutokana na kutesa: yanadai kuwepo kwa mtesaji, na katika masikio ya Mkristo yanaita msalaba moja kwa moja. Dukkha haina mtesaji. Inajumlisha uzee, maradhi, kuachana na ukipendacho, kukaa na usichokipenda, na hata raha yenyewe kwa kuwa haidumu. Napendekeza dhiki, neno lililobeba maana ya ufinyu na kubanwa. Tena tunayo methali: baada ya dhiki faraja. Methali hiyo huiweka faraja mikononi mwa wakati: subiri, itapita. Mafundisho haya husema dhiki ina chanzo, na chanzo kikiondolewa nayo huondoka. Mwalimu anayeijua methali ana mahali pa kuanzia, na ana mahali pa kuonyesha tofauti.

Chanzo hicho huitwa tanha, na hapa Kiswahili kimebarikiwa, kwani maana ya asili ya neno hilo ni kiu. Tamaa lingekuwa kosa, maana kwetu tamaa imekwisha kuhukumiwa: tamaa mbele, mauti nyuma. Kiu haina hukumu. Mtoto ana kiu, mtakatifu ana kiu. Ni hali ya kutaka inayojirudia hata baada ya kunywa.

Nibbana, yaani Nirvana, maana yake ya asili ni kuzimika kama moto. Lakini kuzimika kuna jirani mbaya: sikio la Mswahili liko tayari kusikia kuzimu, makao ya wafu, ingawa mizizi ya maneno hayo ni tofauti. Mfasiri asiyelitahadhari hilo atawaahidi watu makaburi pale alipotaka kuwaahidi amani. Labda kutulia kwa moto, au kupoa, kungefaa zaidi.

Sati, ambayo Kiingereza cha Westlands huiuza kama dawa ya uchovu wa ofisini, asili yake ni kukumbuka. Pwani yetu inalo tendo la dhikri, ambalo nalo asili yake ni kumbukumbu. Ila dhikri ni kumkumbuka Mwenyezi Mungu, na kulitwaa neno hilo kungekuwa kuwakosea Waislamu na kuwapotosha Wabuddha. Kitenzi kuzingatia ni salama zaidi. Kinatokana na kuzinga, yaani kuzunguka: akili inakizunguka kitu bila kukiacha.

Fumbo kubwa kuliko yote ni anatta, fundisho kwamba hakuna nafsi ya kudumu. Tukisema hakuna roho, tutaeleweka kuwa tumekana uhai. Lakini wanasarufi wanayo hazina ambayo hawajaitolea macho. Katika sarufi, nafsi ni uhusiano wa usemi tu. Kiambishi ni- hakimwakilishi mtu mmoja wa daima. Kinamwakilisha yeyote anayesema wakati huo, kisha kinampokea msemaji mwingine. Hakuna anayeuliza ni- huenda wapi sentensi inapokwisha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu, akielezwa hivyo, atakuwa amepata kidokezo cha fundisho ambalo vitabu vizima vimeandikwa kulifafanua.

Na metta? Mapenzi yamemezwa na mahaba. Upendo umezoeleka kanisani. Utu ni neno letu la fahari, lakini kwa umbo lake ni sifa ya watu, ilhali metta huelekezwa hata kwa nyoka na siafu. Nadhani wema, uliopanuliwa kwa ufafanuzi, ungetosha. Wengine watapinga, na wapinge: hakuna istilahi iliyokomaa bila mabishano.

Kivuli cha Shakahola

Hadi hapa mtu aweza kusema kuwa haya ni mambo ya wanalugha kujifurahisha. Sivyo. Mnamo Aprili 2023 taifa lilianza kufukua miili katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya watu waliodaiwa kushawishiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Mola wao. Tangu siku hizo, jumuiya yoyote ndogo ya kidini inayokutana faraghani hutazamwa kwa jicho la shaka, na shaka hiyo ni ya haki. Kundi jipya linalozungumzia utawa, ukimya na kuiacha dunia halina budi kujibu: mna tofauti gani?

Maandishi ya awali yana jibu, tena zito. Buddha mwenyewe alijinyima chakula hadi akakaribia kufa. Akatambua kwamba njia hiyo haifikishi popote, akala, na wenzake watano wakamwacha wakimwona msaliti. Hotuba yake ya kwanza, kwa watu haohao watano, ilianza kwa kuzikataa ncha mbili: ya anasa na ya kujitesa. Katika kanuni za watawa, mtawa anayemuua mtu, au anayemsifia mtu kifo na kumshawishi afe, hukoma kuwa mtawa siku hiyohiyo, na hawezi kurudishwa. Na kwa watu wa Kesaputta, waliochoshwa na wahubiri wanaopingana, alieleza kwamba wasilipokee jambo kwa sababu tu ni uvumi, ni mapokeo, limo katika maandiko, au msemaji ni mwalimu wao. Walipime kwa madhara na manufaa yake wanayoyajua wenyewe.

Lakini jibu hilo lina thamani gani iwapo limefungwa katika lugha ambayo muumini wa kawaida haisomi? Tuseme kiongozi wa jumuiya ndiye pekee anayekisoma Kipali, au Kiingereza kizito cha wafasiri, naye ndiye anayewaeleza wenzake kile kilichosemwa. Kanuni inayomzuia asipotoke imo mkononi mwake peke yake. Wao watamwamini kwa sababu ni mwalimu wao, yaani watafanya lilelile walilokatazwa Kesaputta. Tafsiri ya Kiswahili inamwezesha bawabu wa Kangemi kuinua kidole na kusema: mwalimu, hapa pameandikwa vingine. Jumuiya ambamo kidole hicho hakiwezi kuinuliwa haifai kuanzishwa, Westlands wala kwingineko.

Pingamizi na Majibu

Watasema: tunazo dini za kutosha, kwa nini tulete nyingine ya kigeni? Ninajibu kwamba kutafsiri si kusilimu wala kubatizwa. Aliyetafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, Mwalimu Nyerere, hakugeuka Mwingereza. Lugha yetu iliikaribisha Biblia tangu Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, hadi tafsiri ya Union ya 1952. Iliikaribisha Kurani kwa kalamu ya Godfrey Dale mwaka 1923, ya Mubarak Ahmad Ahmadi mwaka 1953, na ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy mwaka 1969. Kila tafsiri iliwaudhi baadhi ya watu na kuitajirisha lugha.

Watasema pia: maneno matakatifu yabaki katika Kipali, kama Kiarabu kilivyobaki katika swala. Sawa, na yabaki katika kughani. Lakini al-Farsy hakuiondoa Kurani ya Kiarabu misikitini. Aliwapa Waswahili ufahamu wa kile wanachokisoma. Kughani kwa Kipali na kufundisha kwa Kiswahili ni mambo yanayoweza kukaa chumba kimoja.

Wengine watasema jumuiya yenyewe itakuwa ndogo mno, ya watu kumi au ishirini, haistahili jasho hilo. Hoja ya udogo haina mashiko. Wakatoliki wa Afrika Mashariki, pamoja na wingi wao wote, tangu miaka ya 1970 wamejijenga kwa jumuiya ndogo ndogo zinazokutana majumbani, zikisoma na kujadili kwa lugha za watu. Walitambua kwamba imani huishi pale majirani wanapojuana kwa majina. Watu kumi wanaoelewa wanachokisema ni wengi kuliko mia wanaoitikia tu.

Hitimisho

Napendekeza, basi, kwamba chama chetu kiunde duara dogo la tafsiri, likishirikiana na wenzetu wa masomo ya dini na Wabuddha wenyewe walio tayari. Lianze na maandishi mafupi: hotuba ya kwanza, mawaidha ya Kesaputta, kisa cha bakuli, na utungo wa Punna mchota maji, ambao ungependeza mno ukitiwa katika bahari ya utenzi. Kazi ifanywe kwa kukitazama Kipali chenyewe, hata kama ni kwa kuchechemea, badala ya kuokota makombo ya Kiingereza. Faharasa ya istilahi ichapishwe katika kurasa hizi ili ikosolewe na kila mwenye macho. Na kila tafsiri isomwe kwa sauti mbele ya watu wasio wanafunzi, wakiwemo wa Kangemi, kabla haijaitwa kamili. Itolewe bure, kwa kuwa mafundisho hayo hayakuuzwa tangu mwanzo.

Kama jumuiya ya Westlands itaanzishwa au la, hilo si letu kuamua. Letu ni kuhakikisha kwamba siku itakapoanzishwa, kisingizio cha kwamba Kiswahili hakina maneno hakitakuwapo. Papo kwa papo kamba hukata jiwe; nasi kamba tunayo, na jiwe tumeshalitazama vya kutosha.